Kamba Huvuta Pande Zote Mbili: Mkokoteni, Punda na Gari Lililokwama

Kama unaishi Sericho, kaunti ya Isiolo, au unapita huko mara kwa mara, siku moja utakwama. Usipokwama wewe, atakwama jirani yako na utaombwa kamba. Wakati wa kiangazi mchanga wa laga, yaani mkondo wa mto wa msimu, humeza tairi, na mvua ikinyesha udongo mweusi wa kando ya mto Ewaso Ng'iro hunata mpaka gari linakaa kwa tumbo. Makala haya yanaeleza namna ya kuvuta kitu kilichofungwa kwa kingine bila kukata kamba, kuumiza punda wala kung'oa bampa la mtu. Nyuma ya kazi hiyo yote kuna kanuni moja ya fizikia, ambayo wanafunzi wa kidato cha tatu huisomea mtihani. Hesabu zipo chache, na ukiziruka hutapotea.

Kanuni yenyewe inasemaje? Isaac Newton, mwanasayansi Mwingereza, aliichapisha mwaka 1687, ikiwa ya tatu katika kanuni zake za mwendo. Kitu kimoja kikivuta au kikisukuma kingine, hicho cha pili nacho hukivuta au hukisukuma cha kwanza kwa nguvu ileile, ila kuelekea upande wa pili. Nguvu hiyo ya kuvuta au kusukuma vitabu vya sayansi huiita kani. Katika kuieleza, Newton alitaja farasi anayevuta jiwe lililofungwa kwa kamba, akasema farasi naye huvutwa kurudi kwenye jiwe kwa kiasi hichohicho. Sisi tumweke punda mahali pa farasi, na mkokoteni wa maji mahali pa jiwe.

Wengi wakisikia hivyo hukataa. Watasema anayevuta ndiye anayetia nguvu, anayevutwa ametulia tu. Basi jaribu mwenyewe, na haitakugharimu hata shilingi. Omba dukani mizani mbili za kuning'iniza, zile zenye ndoano za kupimia nyama. (Kliniki nako wanayo ya namna hiyo ya kupimia watoto, lakini hiyo waachie.) Shikisha ndoano ya mizani moja kwenye ndoano ya nyingine. Wewe vuta upande wako, na mwenzako asimame imara ashikilie tu. Mizani yako ikisoma kilo 5, na yake itasoma kilo 5. Sasa funga yake kwenye mti, mahali pasipo na mtu kabisa, uvute tena. Zote mbili zitasoma sawa vilevile. Kisha mwambie ashike tena uanze kutembea huku unamburura. Hapo ndipo watu hushangaa, kwa sababu hata mkiwa mwendoni, na hata unapoongeza kasi, hakuna mizani itakayoizidi nyingine.

Swali linalofuata ni lile linalowasumbua wanafunzi kila mwaka. Ikiwa mkokoteni unamvuta punda nyuma kwa nguvu ileile anayouvuta nayo mbele, mbona hawabaki palepale? Jibu ni kwamba nguvu hizo mbili haziko juu ya kitu kimoja. Moja iko juu ya mkokoteni, nyingine iko juu ya punda, kwa hiyo haziwezi kufutana. Ukitaka kujua kama mkokoteni utasogea, angalia mkokoteni peke yake: punda anauvuta mbele, mchanga unayashika magurudumu kuyarudisha nyuma. Mvuto wa punda ukizidi mshiko wa mchanga, mkokoteni unaanza kwenda. Ukitaka kujua kama punda atasogea, mwangalie punda peke yake. Mkokoteni unamvuta nyuma, na kwato zake zinasukuma ardhi kuelekea nyuma. Ardhi nayo, kwa kanuni ileile ya Newton, inazisukuma kwato kuelekea mbele. Msukumo huo wa ardhi ukiuzidi mvuto wa mkokoteni, punda anatembea.

Kwa hiyo mwamuzi wa safari ni ardhi. Punda mwenye misuli akisimama kwenye tope linaloteleza hana cha kusukuma, na nguvu zake haziendi popote. Kwenye michezo ya shule, timu inayoshinda kuvuta kamba haivuti kamba kwa nguvu zaidi ya ile nyingine, maana kamba ni moja na inavuta sawa pande zote. Inashinda kwa kukita miguu na kuisukuma ardhi zaidi.

Tuchukue mfano wa mkokoteni wenye jerikeni kumi za lita 20. Lita moja ya maji ina kilo moja, kwa hiyo maji pekee ni kilo 200. Tuseme mkokoteni wenyewe una kilo 80, jumla 280. Nguvu hupimwa kwa nyutoni, na nyutoni 10 ni takriban nguvu unayotumia kushikilia mzigo wa kilo moja usianguke. Kwenye barabara ngumu iliyoshindiliwa, magurudumu mazuri huhitaji kama asilimia 3 tu ya uzito huo ili yaendelee kubingirika. Hiyo ni nyutoni 84, yaani kama kushikilia kilo 8 na kidogo. Punda hataiona. Kwenye mchanga uliolegea kiasi hicho chaweza kufika asilimia 20, na sasa punda anahitaji kuvuta nyutoni 560 mfululizo, sawa na kilo 56. Punda wetu wengi wana kilo kati ya 120 na 150. Kumtaka avute karibu nusu ya uzito wake mwenyewe kwa mwendo mrefu ni kumuua polepole, na bakora haibadilishi hesabu hiyo.

Ufanye nini basi? Ukifika ukingo wa laga, shusha nusu ya jerikeni uvuke mara mbili. Muda utapotea kidogo, ila punda atabaki mzima. Ukiwa na punda wawili, wafunge wote kabla ya kuingia mchangani, usingoje mpaka mmoja achoke. Kama mkokoteni una tairi za gari, upepo ukipunguzwa kidogo tairi hutanuka na kuzama kidogo. Tafuta njia iliyokwisha kanyagwa. Mkikwama, mtu mmoja asukume gurudumu lenyewe kwa kulishika upande wa juu, kwa kuwa pale anapata nguvu zaidi kuliko akisukuma kitako cha mkokoteni. Mkanda wa kuvutia uwe mpana na ukae kifuani, mbali na koo, kwa sababu kila nyutoni anayouvuta nayo mkokoteni inamrudia kwenye ngozi ileile iliyoguswa na mkanda. Kamba nyembamba huikusanya nguvu hiyo mahali pamoja, na ndiyo chanzo cha vidonda unavyoviona kwenye mabega ya punda.

Mteremkoni mambo hugeuka. Mkokoteni sasa unamsukuma punda, na punda lazima ausukume nyuma kwa kiasi kilekile ili usimpande. Bila mkanda wa nyuma unaozunguka mapaja chini ya mkia, msukumo huo wote unaishia shingoni mwake. Ongeza mkanda huo. Kipande cha turubai nzito kilichokunjwa kinatosha.

Sasa tuje kwenye gari. Limekwama, tairi zinazunguka bure, watu wamekusanyika na kila mmoja ana shauri lake. La kwanza ni kuondoa mguu kwenye mafuta. Tairi inayozunguka bila kwenda inachimba kaburi lake. La pili ni sepetu. Ondoa mchanga au tope mbele ya magurudumu yote manne na chini ya tumbo la gari. Gari lililokaa kwa tumbo laweza kudai nguvu inayokaribia uzito wake wote ili litoke, lakini likishachimbuliwa vizuri hudai sehemu ndogo ya hiyo. Nusu saa ya sepetu hukuokolea kamba na pengine chasi. La tatu ni kupunguza upepo. Tairi inayojazwa presha 35 ishushe hadi kama 18 kwenye mchanga, ili ilale pana. Kupunguza ni bure, kujaza tena kunahitaji pampu, kwa hiyo usishushe kabla ya kujua pampu iko wapi. Na ukirudi kwenye barabara ngumu usikimbie na tairi laini, maana hupata joto na kupasuka.

Bado limekataa? Hapo ndipo gari la pili linaingia, na hapo ndipo kanuni ya Newton inapata kazi. Kamba ikikaza, linalovuta nalo linavutwa nyuma, kuelekea shimo lilelile. Kama limeegeshwa mchangani, mtakuwa na magari mawili yaliyokwama. Liweke kwenye ardhi ngumu hata kama itabidi kuunga kamba mbili ili zifike. Mzigo kwenye gari linalovuta usiushushe, kwa kuwa uzito ndio unaozishindilia tairi zake ardhini zipate kushika. Mzigo wa kushusha ni ule wa gari lililokwama. Watu wengi hufanya kinyume kabisa: wanapakua lori linalovuta ili "liwe jepesi", kisha wanashangaa tairi zake zinateleza.

Kamba ifungwe wapi? Kwenye ndoano ya kuvutia iliyoshikamana na chasi, mbele au nyuma. Isifungwe kwenye bampa, kwenye vyuma vya usukani, wala kwenye kile kichwa cha duara cha kushikia trela. Kichwa hicho hakikutengenezwa kwa mvuto wa ghafla. Kikikatika huruka kama risasi, na nchini Australia, ambako watu huendesha sana mchangani, kimeshaua. Kumbuka pia kwamba mkazo, yaani ile kani inayopita ndani ya kamba, ni uleule mwanzo hadi mwisho. Ukiunga kamba nzuri ya tani 6 na kipande cha kamba ya kufungia mbuzi, una kamba ya kufungia mbuzi.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu huumia. Dereva anayevuta hurudi nyuma, kamba ikalegea, kisha hukimbia mbele ili "ashtue" gari lililokwama. Chukua Land Cruiser ya kilo 2,500 iliyofika kasi ya kilomita 10 kwa saa tu, mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Ikiwa imefungwa kwa mnyororo, ambao haunyumbuki, itasimamishwa ndani ya nafasi ya sentimita 20 hivi. Mkazo wa wastani unakaribia nyutoni 48,000, sawa na kuning'iniza karibu tani 5, na kilele chake huzidi hapo. Na usisahau upande wa pili: gari linalovuta nalo linapokea pigo hilohilo kwenye chasi yake. Ikiwa imefungwa kwa kamba ya nailoni inayonyumbuka mita moja, wastani unashuka hadi kama nyutoni 9,600, chini ya tani moja. Kasi ni ileile na gari ni lilelile, kilichobadilika ni umbali wa kusimama. Kwa hiyo, ukiwa na mnyororo, ukaze kwanza polepole mpaka unyooke, ndipo uvute bila kushtua hata kidogo. Ukiwa na nailoni, vilevile anza kwa kuikaza. Usidanganyike kwa kuwa inanyumbuka, kwa maana ikikatika, nguvu iliyojilimbikiza ndani yake hurudi kama mjeledi. Tupa koti zito, blanketi au gunia lenye mchanga kidogo katikati ya kamba ili ikikatika ianguke chini. Watu wote wasimame mbali kuliko urefu wa kamba. Watoto hupenda sana kuruka kamba iliyokaza. Wafukuze.

Kamba nzuri ya kuvutia utaipata kwenye maduka ya vipuri na ya vifaa vya ujenzi Isiolo mjini. Nailoni huuzwa kwa mita au ikiwa tayari na vitanzi. Soma kibandiko. Kwa gari la tani mbili na nusu tafuta iliyoandikwa tani 6 au zaidi, urefu wa mita 8 hadi 10 hivi. Kamba ya katani au ya plastiki ya kufungia mizigo ni rahisi, lakini hainyumbuki inavyotakiwa, na jua la kwetu huila haraka. Ukiomba lori la mtu likuvute, patana bei kabla ya kamba kufungwa. Ikishakaza huna nguvu ya kubishana. Ulizeni pia wazi ni nani atalipa kamba ikikatika na nani atalipa ndoano iking'oka. Dereva na tanboi wakisikia swali hilo mapema huwa waangalifu zaidi.

Gari limetoka, lakini injini imeharibika na sasa linavutwa kwenda Modogashe kwa fundi. Nyuma awepo dereva anayejua kazi. Ufunguo uwe umewashwa hatua ya kwanza ili usukani usijifunge. Injini ikiwa imezimwa, breki na usukani huwa vizito sana, kwa hiyo akanyage mapema na kwa nguvu. Yeye ndiye mlinzi wa kamba. Kamba huvuta tu, haiwezi kusukuma, kwa hiyo gari la mbele likipunguza kasi hakuna kitu cha kulizuia la nyuma isipokuwa breki zake. Aguse breki kidogo kidogo mteremkoni ili kamba ibaki imenyooka. Ikilegea kisha ikakaza tena ghafla, ni lile pigo la tani tano linarudi. Gari la otomatiki lisiburutwe masafa marefu likiwa na magurudumu yanayoendeshwa na injini chini, kwa sababu giaboksi huungua kwa kukosa mafuta ya kulainisha. Kupakia gari kwenye lori kunagharimu, lakini giaboksi inagharimu zaidi. Na mkilazimika kusimama barabarani, wekeni zile pembetatu nyekundu za kuakisi mbele na nyuma.

Na bodaboda? Yule kijana anayemsukuma mwenzake aliyeishiwa na mafuta kwa mguu ajue kwamba mguu wake unarudishiwa msukumo uleule, kwa upande mmoja wa pikipiki, ndiyo maana usukani humvuta kando. Kwenye mchanga ni kuanguka tu. Kusukuma kwa mikono mkitembea ni afadhali.

Kuna mahali pamoja ambapo ushauri wa kuvuta unakoma. Laga ikiwa na maji yanayokimbia, usivute wala usivutwe kuivuka. Wakati wa El Niño ya mwishoni mwa 2023 barabara nyingi za kaskazini mwa Kenya zilikatwa na maji, na kila msimu bado kuna dereva anayeamini kamba itamtetea. Maji huliinua gari kidogo, tairi hupoteza mshiko, na kamba inageuka kuwa njia ya kuliburuta na gari la mbele. Ngoja maji yapungue. Kukiwa na watu hatarini piga 999 au 112, au Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya kwa 1199.

Kwa mwanafunzi, au mzazi anayemsaidia mtoto usiku, hesabu za vitu vilivyofungwa pamoja hufuata njia moja. Tuseme gari la mbele lina kilo 2,500 na la nyuma kilo 1,500, nayo yanaongeza kasi kwa nusu mita kwa sekunde kila sekunde. Kiasi hicho cha kuongezeka kwa kasi huitwa mchapuko. Barabara inalirudisha la mbele kwa nyutoni 750 na la nyuma kwa 450. Chora magari hayo mbalimbali, kila moja na mishale yake, usiyaweke kwenye mchoro mmoja. Anza na la nyuma kwa kuwa lina mambo machache. Kilo 1,500 mara 0.5 ni nyutoni 750 za kuongeza kasi, ongeza 450 za kushinda barabara, mkazo wa kamba ni nyutoni 1,200. Nenda gari la mbele. Kamba inalivuta nyuma kwa nyutoni 1,200 zilezile, barabara 750, na kuongeza kasi kunahitaji 2,500 mara 0.5, yaani 1,250. Jumla, ardhi inapaswa kuzisukuma tairi zake mbele kwa nyutoni 3,200. Hakikisha kwa kuyachukua magari yote kama kitu kimoja: kilo 4,000 mara 0.5 ni 2,000, ongeza 1,200 za barabara, unapata 3,200. Mkazo wa kamba hauonekani kwenye hesabu hii ya mwisho, kwa kuwa umebaki ndani ya mfumo. Ukipata mkazo unaozidi 3,200, angalia tena mishale yako, huenda kuna ulioelekeza kinyume.